Fundi Lukmani na Mashine Iliyochoka Asubuhi

Ukitaka kumkera fundi Lukmani wa Kasulu, mwambie "niamini." Utaona anavyokutazama: kwanza usoni, kisha mikononi, kisha miguuni, kama anatafuta mahali unapovuja. Halafu atakwambia kwa upole kabisa kwamba yeye ana Mungu wake na ana mke wake, na hao wawili wanamtosha kuwaamini. Wengine wote atawapima. Na hata huyo mke, tukisema ukweli, hapimwi kidogo. Chai akiletewa huinusa kabla ya kuinywa. Kufuli la stoo yake hulifunga, akaenda hatua kumi, akarudi kulivuta aone kama kweli limefunga.

Watu humcheka, lakini humcheka akiwa hayupo. Kuanzia Manyovu kule mpakani mpaka Kakonko, mashine ya minyororo ikigoma kunyanyua mkono, jina la kwanza kutajwa ni lake. Mafundi wa injini wamejaa tele. Haidroliki ni habari nyingine. Pale ni mafuta yanayosukumwa kwa nguvu ndani ya mipira na silinda mpaka chuma cha tani nzima kinyanyuke kama kikombe cha uji, na wanaojidai kuyajua wengi wao hubahatisha. Lukmani habahatishi. Hufunga geji, hutazama mshale, kisha huuliza swali lile lile kwa watu watatu tofauti, na majibu yakigongana hufurahi moyoni kwa sababu amepata pa kuanzia.

Shuku hii hakuzaliwa nayo. Alipokuwa bado anajifunza kazi, opereta mmoja alimwambia aingize tu mkono, injini imezimwa na presha imetolewa. Injini kweli ilikuwa imezimwa. Presha haikuwa imetolewa, na vidole viwili vya mkono wa kushoto vya Lukmani vilibaki kwenye pini ya silinda. Opereta alilia kuliko yeye, lakini kilio hakirudishi kidole. Tangu siku hiyo Lukmani akashika imani yake: mashine haina sababu ya kudanganya, anayedanganya ni aliyekaa juu yake.

Sasa, kiangazi hiki alikuwa amepewa kazi ya kuangalia ekskaveta moja iliyokuwa ikichimba moramu, ule udongo mwekundu wa kokoto, kwenye kilima nje kidogo ya Kibondo, kwa ajili ya barabara ya vijijini. Juma zima hulala Kibondo, mwisho wa juma hurudi kwake Kasulu. Opereta wa mashine hiyo aliitwa Niyomwungere, Muha wa Kasanda, mwanamume wa miaka thelathini na kitu, mpole, mwenye tabia iliyomtia Lukmani wasiwasi tangu siku ya kwanza: alikuwa anaamini watu. Simu yake aliiacha ikichajiwa kwa mtu yeyote. Funguo aliziacha juu ya mnyororo wa mashine akaenda kula. Akipewa chakula hakuuliza kimetoka wapi. Lukmani alimtazama akajisemea kwamba mtu wa namna hii ama ni mjinga, ama ni mjanja sana. Na kwa kuwa mashine aliiendesha vizuri, basi hakuwa mjinga.

Chanzo cha yote ni pipa. Pale kilimani palikuwa na pipa la mafuta ya haidroliki, nalo Lukmani alilipima kila Ijumaa kwa kijiti alichokitia alama kwa msumari. Ijumaa moja akakuta yamepungua vidole viwili. Inawezekana kijiti kilisimama upande. Inawezekana pipa lenyewe liliinama, maana lilikaa juu ya kokoto. Lukmani hakuwa na muda wa "inawezekana." Kikulacho ki nguoni mwako, akasema, na jioni ile ile akalipandisha pipa kwenye pikapu, akaondoka nalo hadi nyumbani kwake Kasulu, mwendo wa masaa kadhaa, bila kumwambia mtu.

Nyumbani pipa halikupita mlango wa stoo. Akasimama akalitazama. Kuliacha uani hawezi, majirani wana macho. Ilikuwa asubuhi ya Jumamosi, na baridi ya mwezi wa sita ya kule juu mnaijua, ile ya kumfanya mtu azungumze na moshi mdomoni. Mkewe, Kuruthumu, ambaye anauza mawese sokoni, alikuwa ametoka tangu alfajiri. Nyuma ya jiko palikuwa na safu ya madumu ya njano ya lita ishirini. Lukmani akachukua manne. Asingekuwa Lukmani kama asingeyapima: akayageuza juu chini moja moja, akayatikisa, akasubiri. Halikudondoka hata tone. Akanusa, lakini nyumba ile nzima hunuka mawese, kuanzia mapazia mpaka mito ya kulalia, na pua iliyozoea haisikii kitu. Akaridhika. Akayajaza mafuta yaliyobaki kwenye pipa, akayafungia stoo, akaenda hatua kumi, akarudi kulivuta kufuli.

Wiki mbili baadaye, siku ya Alhamisi, mpira mkubwa wa mkono wa ekskaveta ulipasuka, mafuta yakamwagika mpaka moramu ikawa tope jeusi. Lukmani akaleta mpira mwingine na madumu yake manne, akafunga, akajaza tanki, mashine ikafanya kazi mpaka jua linazama. Watu wakampongeza. Kesho yake asubuhi mashine ikawa mgonjwa.

Ulikuwa ugonjwa wa ajabu. Asubuhi mkono ulinyanyuka kwa kujivuta, pampu ikilia kama ina kokoto ndani. Ikifika saa nne, saa tano, sauti inapungua. Adhuhuri mashine inachimba kama mpya. Kesho asubuhi, yale yale. Lukmani alikosa raha. Haidroliki iliyozeeka huchoka ikipata moto, mafuta yakiwa mepesi. Hii ilichoka ikiwa baridi ikapona kwa moto. Mtu angesema mafuta ni mazito kwa baridi, lakini baridi ilikuwepo tangu mwezi wa tano, na mafuta yalikuwa ya pipa lile lile, aliyoyalinda yeye mwenyewe kwa kufuli. Upande huo hakuutazama hata mara moja.

Akapima mengine yote. Kioo cha tanki kilionyesha mafuta yako sawa. Akadondosha tone juu ya bati la moto asikie kama litachachatika. Halikuchachatika, kwa hiyo hakuna maji. Akapaka grisi kwenye maungio ya bomba la kuvutia, isije ikawa hewa inaingia, mlio haukubadilika. Akafungua chujio la njia ya kurudia, akalikuta safi, lakini alilifungua saa nane mchana, mashine ikiwa na moto. Geji ikambainishia kitu kimoja tu: asubuhi mshale unatetemeka kama mtu mwenye homa, mchana umetulia. Pampu ilikuwa inanyimwa mafuta. Ndani ya tanki, kwenye chujio la chini, kuna kitu kinaziba.

Na kitu hakijitii chenyewe ndani ya tanki lenye kufuli. Funguo za kifuniko zilikuwa mbili, moja yake, nyingine ya Niyomwungere.

Hapo akaanza kujumlisha. Mwezi uliopita Niyomwungere aliomba ruhusa akamzike mjomba wake Kasanda, akanyimwa. Alinyamaza tu, akarudi kazini, na Lukmani aliushuku ukimya ule. Mashine ikigoma asubuhi, nani anapumzika? Opereta. Tambara moja tu ukilidumbukiza tankini, asubuhi linaganda kwenye chujio, mafuta yakipata joto linalegea. Kadiri alivyolifikiria ndivyo lilivyozidi kuwa kweli, na ukweli wa namna hiyo una utamu wake.

Msimamizi wa kazi aliitwa Khamisi, mtu wa Tanga, mcheshi, lakini mwenye sikio zito kwa lugha za bara. Kiha na Kirundi kwake vilikuwa kitu kimoja. Kila alipomsikia Niyomwungere akiongea na mama yake kwenye simu, alitikisa kichwa: "Huyu si wa kwetu huyu." Alisema hivyo kwa utani, akimaanisha kwamba ni Mrundi, lakini lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ijumaa ya wiki iliyofuata, walipokuwa wanatoka msikitini pale Kibondo, Lukmani akamvuta pembeni. Khamisi bado ameshika viatu mkononi.

"Bwana Khamisi, kuna kitu kimetiwa kwenye tanki. Tambara, au nailoni. Na funguo ziko mbili, yangu na ya yule."

Hakusema jina. Alijiona mtu wa haki kwa sababu hakusema jina.

Khamisi akavaa viatu taratibu. "Nilijua. Wallahi nilijua. Kumbe tunafuga adui! Basi leo hashiki mashine. Jumatatu namkabidhi polisi, na huko huko waulize na uraia wake. Wewe nitolee hilo tambara tu, shehe wangu."

Mtu wa mbali anaweza kuliona hilo kuwa maneno ya kawaida. Mtu wa Kigoma hawezi. Kwa Muha mwenye jina kama lile, aliyezaliwa nyumbani kwa mkunga wa kijiji, anayetegemea kitambulisho kimoja na ushahidi wa wazee, swali la uraia likianza juu ya kosa la kuhujumu halijulikani litaishia wapi. Kazi ingepotea, hilo dogo. Angeweza kujikuta anathibitisha mbele ya meza za watu kwamba babu yake alilimia upande huu wa mto. Lukmani alilijua hilo vizuri kuliko Khamisi. Alilijua, na usiku ule akalala vizuri.

Jumamosi asubuhi, kabla mashine haijawashwa, walikusanyika kilimani. Niyomwungere alikuwa amekaa juu ya jiwe, koti amelifunga mpaka shingoni, hana funguo. Alipomwona Lukmani alisimama.

"Bwakeye, mzee Lukmani."

"Salama."

"Mzee, wanasema nimetia tambara. Mimi? Mashine hii ndiyo inanilisha mimi na mama. Na wewe umekula na mimi sahani moja."

"Tutaona," Lukmani akajibu. "Kaa hapo uone na wewe. Mimi sisemi, litasema tanki."

"Ego, sawa. Lifungue basi," alisema Niyomwungere. Akakaa tena, na kwa jinsi alivyokaa ungedhani amefarijika, kwamba maadamu fundi mkubwa ndiye anayefungua, mambo yatakuwa sawa. Bado alikuwa anaamini.

Lukmani akatoa presha, akanyonya mafuta ya juu kwa pampu ya mkono, akayatia kwenye pipa tupu mpaka kina kikashuka. Alikuwa amekuja na kitambaa cheupe kabisa, amekitandika juu ya mnyororo, hapo ndipo atakapoliweka tambara watu walione. Khamisi alikuwa amesogea upande wa barabara akipokea simu. Lukmani akaingiza mkono, akalegeza chujio la chini, akalitoa.

Hapakuwa na tambara. Hapakuwa na nailoni. Chujio lote lilikuwa limevikwa kitu kizito, cha rangi ya machungwa, kimeganda kwenye matundu kama uji uliosahauliwa chunguni. Akakichota kwa kidole. Akakisugua. Kwa joto la vidole kikalainika, kikateleza, kikawa mafuta mekundu. Akakipeleka puani, na hapo, mbali na nyumbani, kwenye hewa baridi ya kilimani, pua yake ikasikia kile ambacho kule Kasulu haikuwahi kukisikia. Kilinuka nyumba yake. Kilinuka khanga za Kuruthumu.

Akakaa juu ya mnyororo, juu ya kile kitambaa cheupe. Lakini hata hapo tabia haikumwacha. Akatoa simu ampime mkewe.

"Mama Faudhia, madumu manne ya nyuma ya jiko. Yalikuwa na nini?"

"Ehee! Kumbe wewe! Nimeyatafuta mpaka nimechoka. Yalikuwa na mashapo chini, mawese yameganda kwa baridi, nasubiri jua liyayeyushe niyamimine. Umeyapeleka wapi?"

"Niliyageuza juu chini, asubuhi. Hayakutoa kitu."

"Yatatoaje nawe umeyageuza asubuhi? Mawese asubuhi ni kama sabuni, Baba Faudhia, mtoto wa Kasulu anayejua kutembea analijua hilo. Ungeniuliza."

"Na wewe ulipoyakosa mbona hukuniuliza?"

Kuruthumu akacheka, kicheko kisicho na furaha nyingi. "Kukuuliza wewe si ndiyo kuanza kuhojiwa mimi? Nikanyamaza. Nyani haoni kundule, mume wangu."

Akakata simu. Lukmani akabaki ameshika chujio. Khamisi bado alikuwa anaongea kwa mbali, mgongo ameugeuza. Niyomwungere alikuwa juu ya jiwe lake nyuma ya mashine, haoni kitu. Tusimpambe fundi wetu: wazo lilimjia. Mfukoni alikuwa na tambara lake la kufutia mikono, jeusi kwa mafuta. Kulichovya, kulitoa, kuliweka juu ya kitambaa cheupe. Chujio linafutwa kwa dizeli dakika mbili. Nani angejua? Jina lake kutoka Manyovu hadi Kakonko lingebaki safi, na miaka yake yote ya kuwashuku watu ingeonekana haikwenda bure. Mkono uliingia mfukoni. Ukalishika lile tambara.

Miaka yote amemtafuta mwongo aliyekaa juu ya mashine. Akajiona amekaa juu ya mashine. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na akaona kinyaa kwa mkono wake mwenyewe.

"Bwana Khamisi!" akaita. "Njoo. Niyomwungere, na wewe njoo."

Wakaja. Akawaonyesha chujio, akawaambia yote: pipa, kijiti, pikapu, madumu, asubuhi ya baridi. Hakuruka kitu. Alisema, "Hujuma hakuna. Aliyeiua mashine ni mimi."

Khamisi akamtazama, kisha akamtazama Niyomwungere, kisha akatabasamu lile tabasamu ambalo Lukmani alilijua kwa sababu ndilo analolivaa yeye mtu akimwambia "niamini."

"Aa, fundi. Jana tambara, leo mawese? Nyie mnalindana. Waha kwa Waha. Amekulilia, mzee wa watu, ukamhurumia. Mimi mwenyewe hayo mawese siyajui, unaweza kuniambia grisi ni mawese nikakubali."

Lukmani alikuwa amesema kweli, kweli tupu, ya kumvunjia jina, na haikuaminiwa! Alihisi kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake na kuulizwa yeye ni nani. Hakuwa na geji ya kupimia hilo.

"Muite Divine," akasema hatimaye. Divine ndiye aliyekuwa akiwapikia wafanyakazi, kibanda chake kiko chini ya kilima. "Usimwambie neno. Mpe tu anuse."

Divine akapanda akiwa na mwiko mkononi, akanusa, akachota, akakisugua kwenye kiganja. "Mawese haya. Tena mashapo, yamekaa siku nyingi. Nani kayamwaga kwenye mafuta machafu? Mnaharibu chakula nyie!" Kisha akashuka zake, hajui kwamba ameokoa mtu.

Khamisi akajikuna shingo. Akacheka, kicheko kikamfia mdomoni. Akamrudishia Niyomwungere funguo bila kumtazama usoni, akasema yaishe, kazi ni kazi, Jumatatu hakuna polisi. Lukmani alishinda pale hadi jioni: akamwaga mafuta yote, akaosha tanki kwa dizeli, akaosha chujio, akasuuza mipira, akajaza mafuta mapya yaliyokuja kwenye pipa lenye lakiri. Wakati wa kuondoka alimfuata Niyomwungere, akavua kofia.

"Nisamehe, mwanangu. Nilikudhania."

"Nimesamehe, mzee," alisema Niyomwungere, na alisema kweli. Alikuwa mtu wa kusamehe.

Jumatatu alfajiri Lukmani aliwahi kilimani, baridi kali, ukungu umelala bondeni. Alitaka kuisikia mashine ikiamka. Niyomwungere alikuwa amefika kabla yake, lakini hakuwa amewasha. Alikuwa anaizunguka mashine polepole na tochi ya simu. Alivuta mipira mmoja mmoja. Alipapasa maungio. Alifungua kifuniko cha tanki, akainamisha uso, akanusa, akachovya kidole, akakisugua, akanusa tena. Funguo hakuziacha juu ya mnyororo; zilikuwa zimefungwa kwa kamba kwenye mshipi wake. Lukmani akaja na chupa ya chai, akamimina kikombe, akampa. Niyomwungere akakipokea kwa heshima, mikono miwili, akakiangalia ndani. Akakiweka juu ya jiwe.

"Jumamosi uligusa nini na nini, fundi?"

Lukmani akamwambia.

"Na chini ya tanki?"

Akamwambia.

Niyomwungere akauliza tena, "Samahani, mzee. Uligusa nini na nini?"

Lukmani aliumia. Aliumia kuliko alivyowahi kuumizwa na chuma chochote, kwa sababu swali lile alilijua, lilikuwa lake, alilitengeneza mwenyewe kwa miaka, na sasa aliliona limekaa kwenye uso wa kijana ambaye wiki iliyopita hakuwa nalo. Hapakuwa na mafuta ya kuliosha hilo. Akajibu mara ya tatu, neno kwa neno, asije akajigonga.

"Sawa," alisema Niyomwungere. Akapanda juu, mkono mmoja kwenye mlango, akageuka. "Naomba usogee mbali kidogo na mashine, mzee. Na mikono itoe kwenye koti, niione."

Lukmani akasogea. Akatoa mikono yote miwili, akasimama pale kwenye baridi, akisubiri injini iwake.